Kulima kwenda juu: jinsi ya kujenga bustani ya mabomba ya kikundi

Picha za kilimo wima huwa zinaahidi mengi: rafu kumi, mazao mara kumi. Hesabu haiendi hivyo. Anayepanda juu anaokoa ardhi, lakini haokoi mwanga, na kila safu anayoongeza inailia mwanga safu ya chini yake. Juu ya hapo kuna uzito wa kubeba na maji ya kupandisha.

Bustani tunayoieleza hapa ina mabomba manane ya PVC kwenye fremu ya umbo la paa, manne kila upande, yanayopata mwanga wa jua; mimea hukua kwenye maji yenye mbolea, bila udongo. Ina nafasi ya miche 112 na inatosha kaya saba zinazopeana zamu. Ziko njia nyingine: minara ya ndoo, magunia, mabomba membamba yenye utando wa maji unaotiririka mfululizo. Hii ya maji yaliyotuama ndani ya bomba tumeichagua kwa sababu umeme ukikatika usiku kucha, mizizi bado ina maji. Katika mfumo wa utando mwembamba, mizizi huanza kukauka ndani ya saa chache za jua kali, na katika kikundi huwezi kutegemea kwamba kila mara atakuwepo mtu karibu.

Hesabu kabla ya msumeno

Fremu inachukua takribani mita za mraba 5. Eneo hilo likiwa shamba la kawaida, kwa nafasi ya sentimita 25 hadi 30, lingebeba miche ya saladi 55 hadi 80. Kwa hiyo faida ya nafasi ni kama mara moja na nusu hadi mara mbili, si mara nane. Faida nyingine ndizo zinazolipa: inasimama juu ya saruji, haina magugu, maji yanazunguka badala ya kuzama ardhini, na miche hukulia kitaluni kwa wiki tatu bila kushika nafasi ya bomba.

Je, kuiweka ndani, chini ya taa za LED? Inawezekana, ila piga hesabu ya umeme kwanza. Saladi inataka mwanga wa mikromoli (kipimo cha wingi wa mwanga) 200 hivi kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, saa 16 kwa siku. Taa nzuri hutoa mikromoli 2.5 kwa kila joule, kwa hiyo ni wati 80 kwa mita ya mraba, yaani uniti 1.28 kila siku. Kwa siku 35 ni karibu uniti 45, na mita hiyo ikibeba miche 25, kila mche umekula uniti 1.8 kabla pampu na feni hazijahesabiwa. Profesa Dickson Despommier wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyelikuza wazo la ghorofa za mashamba pamoja na wanafunzi wake kuanzia mwaka 1999, aliwapa wengi hamu ya kujenga mashamba ya ndani; bili ya umeme imewapunguza wengi wao. Kama una jua la moja kwa moja kwa saa sita, litumie.

Mazao yanayofaa ni ya majani na ya muda mfupi: saladi, spinachi, figili za majani, mrihani, giligilani, mnanaa. Stroberi inakubali pia. Nyanya na matango yana mizizi inayoziba bomba na uzito unaoangusha fremu. Mazao ya mizizi usiyajaribu.

Vifaa

- Mabomba 8 ya PVC ya milimita 110, kila moja mita 3, na vizibo 16 vya kufunga ncha. Chukua mabomba ya maji ya kunywa, si ya maji taka, na usitumie mabomba ya zamani: mengi yalitengenezwa kwa kemikali za kuimarisha plastiki zenye madini ya risasi.
- Mbao 6 za mita 2 (sentimita 5 kwa 10), za kutengeneza miguu ya fremu tatu, pamoja na mbao za kuzifunga.
- Pipa la lita 200 lililobeba chakula, lisilopitisha mwanga, lenye mfuniko, na liwe fupi au lizikwe kiasi cha maji ya bomba la chini, lililo sentimita 40 juu, kuweza kuangukia ndani yake.
- Pampu ya kuzamisha inayosukuma maji hadi mita 3. Usinunue iliyoandikwa mita 2: kwenye kimo cha juu kabisa kilichoandikwa, pampu haitoi hata tone, na wewe unahitaji lita 8 hadi 12 kwa dakika kwenye kimo cha mita 1.7.
- Mipira 8 ya kuzibia matundu inayobana bomba la milimita 25, na mita 5 za bomba hilo.
- Vipande 8 vya bomba la milimita 50, kila kimoja sentimita 9.
- Vikombe 112 vya wavu vya milimita 50, taima, kipimo cha pH (uchachu wa maji) na kipimo cha chumvi zilizoyeyuka (EC).

Fremu

Unganisha kila jozi ya mbao kileleni, kisha ipanue hadi miguu iachane sentimita 160 chini. Kilele kitakuwa kwenye sentimita 183 hivi, na kila bomba litakaa nje ya lile la juu yake kwa sentimita 17 au 18. Mwachano huo usiupunguze ili kuokoa nafasi. Fremu iliyosimama wima mno inaonekana nadhifu, lakini jua la mchana linaishia kwenye bomba la juu, na yale ya chini yanatoa miche mirefu, miembamba, iliyopauka.

Simamisha fremu tatu: moja kila upande, sentimita 10 kutoka ncha za mabomba, na moja katikati. Mbili tu hazitoshi. PVC yenye maji hupinda joto likipanda, na bomba lililopinda hukusanya maji katikati huku ncha zikikauka. Funga vishikio vya mabomba kwenye kimo cha sentimita 40, 80, 120 na 160. Urefu huo hauhitaji ngazi. Wazee na watoto wakubwa wanaweza kushika zamu bila hatari ya kuanguka.

Elekeza mgongo wa fremu kaskazini na kusini, upande mmoja upate jua la asubuhi na mwingine la alasiri. Ikienda mashariki na magharibi, mbali na ikweta upande mmoja utakaa kivulini kwa miezi.

Bomba moja lenye maji ya kina cha sentimita 4 limebeba lita 9. Kwa sentimita 6 ni lita 15. Ukijumlisha mabomba, maji na mimea unakaribia kilo 200, kwa hiyo jenga fremu ya kubeba 250 na uifunge chini, maana majani mengi hushika upepo. Kama ni juu ya paa la jengo, muulize fundi wa majengo kwanza. Pipa peke yake likijaa lina kilo 200 zilizosimama mahali padogo. Mahali pake ni juu ya ukuta au boriti, kamwe si katikati ya dari.

Kutoboa na kuunganisha

Piga mstari mmoja ulionyooka juu ya kila bomba. Weka alama kila sentimita 20, ya kwanza ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye ncha: utapata matundu 14. Toboa kwa kichwa cha drili kinachokata tundu duara la milimita 50, kwa mwendo wa polepole, kisha sugua kingo. Osha unga wote wa plastiki. Ukibaki utaingia kwenye pampu.

Sasa sehemu inayoamua kama mfumo utakuwa mzuri au wa kero. Chini ya bomba, sentimita 8 kutoka kwenye ncha ya kutokea maji, toboa tundu la mpira wa kuzibia na uupachike. Pitisha kipande cha bomba la milimita 25 kisimame ndani. Maji yatapanda hadi mdomo wa kipande hicho, kisha yatamwagika kupitia ndani yake kwenda bomba la chini. Kwa kuwa kinabanwa na mpira bila gundi, unaweza kukisukuma juu au kukivuta chini ili kubadilisha kina cha maji ya bomba hilo peke yake. Usikigundishe.

Kikombe cha wavu kinaning'inia sentimita 5 ndani ya bomba lenye kimo cha ndani cha sentimita 10 na ushei. Kwa hiyo maji ya sentimita 4 hayafiki kwenye kitako chake, na mche mchanga usio na mizizi mirefu utakauka huku maji yakiwa chini yake tu. Hii ndiyo hitilafu inayoua miche mingi zaidi kwenye mabomba ya namna hii. Kwa siku saba hadi kumi za mwanzo weka kina cha sentimita 6, hadi mizizi itoke nje ya kikombe. Kisha shusha hadi 4, mizizi ya juu ibaki hewani ikipumua. Ukisahau kushusha, mizizi itazama yote na mche utanyauka ukiwa umejaa maji.

Kukiwa na mizizi, mdomo wa kutokea maji utaziba siku moja. Ndiyo kazi ya vipande vya milimita 50: kata meno kwenye ukingo wa chini wa kila kimoja, kisha ukivike juu ya kile chembamba kupitia tundu la ziada la kipenyo hichohicho ulilotoboa juu yake. Mizizi inazuiwa nje, na maji yanayotoka yanavutwa kutoka sakafu ya bomba, mahali penye maji yaliyochoka, badala ya juu. Funika tundu hilo.

Zungusha maji kwa kupishanisha ncha: yanaingia kushoto kwa bomba la juu, yanatoka kulia, yanaangukia bomba la pili upande huohuo wa kulia, yanatoka kushoto, hadi pipani. Maji yanapoanguka yanachanganyika na hewa, basi usiyafanye yateleze kimyakimya. Mpira wa pampu ugawanyike mara mbili, upande huu na ule, na kila tawi liwe na koki.

Ncha ya mpira huo ikae juu ya maji ya bomba la kwanza, isizame. Ikizama, pampu ikizimwa mpira utanyonya maji kurudi pipani hadi bomba la juu likauke.

Weka kila bomba sawa kwa pimamaji. Ncha moja ikiwa chini kwa sentimita 1 tu, upande mmoja una sentimita 3 na mwingine 4, na miche ya ncha hizo haitakua pamoja. Jaza maji matupu, endesha kwa siku nzima, kagua mivujo. Paka mabomba rangi nyeupe nje kupunguza joto. Kama plastiki yake inapitisha mwanga, tanguliza rangi nyeusi.

Kuhusu umeme: waya wa pampu uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwake, ili matone yadondoke njiani, na soketi iwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Hili halina mjadala mahali penye maji na watoto.

Maji na mbolea

Pima maji yako matupu kwanza. EC yake ikizidi milisimensi 0.8 kwa sentimita, changanya na maji ya mvua, kwani chumvi iliyopo tayari inashika nafasi ya mbolea. Maji yenye klorini yaache wazi usiku mmoja.

Mabomba yakishajaa, jaza pipa hadi lita 140. Jumla ni karibu lita 220. Kwa kila lita 100 pima gramu 50 za mbolea ya haidroponiki (kilimo cha maji bila udongo) ya NPK 4-18-38 yenye virutubishi vidogo, gramu 25 za magnesiamu salfeti na gramu 50 za kalsiamu naitreti. Yeyusha kila moja kwenye ndoo yake, mimina NPK pipani, koroga, kisha magnesiamu, na kalsiamu mwisho. Ukichanganya kalsiamu na hizo nyingine zikiwa bado nzito, itashikana na salfeti na fosfeti na kuwa unga mweupe unaotua chini. Mmea hauwezi kuula, na hauyeyuki tena.

Lenga EC ya milisimensi 1.2 hadi 1.6 kwa sentimita na pH ya 5.5 hadi 6.5. Rekebisha pH mwisho, baada ya mbolea, kwa matone ya asidi ya fosforiki iliyokwisha kuzimuliwa. Asidi huongezwa kwenye maji; maji hayamwagwi kwenye asidi. Ongeza kidogo, subiri dakika 15 pampu ikizunguka, pima tena.

Bustani iliyojaa hunywa kati ya lita 10 na 25 kwa siku, kutegemea joto. EC ikipanda, mimea imekunywa maji zaidi ya mbolea: ongeza maji matupu. Ikishuka, ongeza mbolea. Kila wiki mbili au tatu badilisha maji yote, maana virutubishi haviliwi kwa uwiano sawa na kipimo hakikuonyeshi kipi kimeisha. Maji ya zamani yamwagie miti au bustani ya udongo, mbali na visima na mitaro.

Joto la maji libaki kati ya nyuzi 18 na 24. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita; ya nyuzi 30 yanashika 7.6, tena wakati mizizi inapumua kwa kasi zaidi. Weka pipa kivulini, au lizike nusu. Taima iwe dakika 15 kuwasha na 45 kuzima mchana, dakika 15 kila saa mbili usiku; siku za joto kali, 15 kwa 15.

Miche na zamu

Sia mbegu za saladi kwenye vipande vya sponji vya sentimita 2.5, juujuu bila kuzifukia, kwani mwanga huzisaidia kuota. Joto likizidi nyuzi 28 nyingi hulala. Zioteshe mahali pa baridi. Jani la kweli la kwanza likitokeza, badilisha maji matupu kwa mbolea ya nusu nguvu. Baada ya wiki tatu hivi, zikiwa na majani matatu au manne, zihamishie vikombeni.

Usipande mabomba yote siku moja. Kikundi kinachofanya hivyo hupata miche 112 ya kuvuna kwa siku tatu, nusu inaharibika, kisha wiki nne bila kitu. Katika wiki hizo nne ndipo zamu huanza kurukwa. Panda mabomba mawili kila wiki, moja kila upande. Wiki ya tano unavuna mawili ya kwanza na kupanda mengine papo hapo: miche 28 kila wiki, minne kwa kila kaya. Kwa kuwa kina cha kila bomba hubadilishwa peke yake, mapya yanakaa kwenye sentimita 6 na ya zamani kwenye 4 bila kugombana. Sia mbegu 35 kila wiki, kufidia zisizoota.

Kaya saba, siku saba. Kazi ya siku haizidi dakika 20: kiwango cha maji pipani, EC, pH, kama maji yanatoka kwenye ncha zote mbili za mwisho, na jicho chini ya majani. Andikeni kwenye kadi iliyotundikwa kwenye fremu, na jina la aliyepima. Kadi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba pH imekuwa ikipanda kwa siku tano. Kumbukumbu za watu saba haziwezi. Siku ya kupanda na kuvuna ndiyo pekee inayohitaji wote. Kubalianeni kabla ya mavuno ya kwanza kuhusu mambo mawili: aliyeruka zamu anapata nini, na pampu ikifa nani ananunua nyingine. Anayechanganya mbolea awe mmoja, na msaidizi anayejifunza. Watu wawili wakiongeza mbolea siku moja bila kujuana, kufika jioni majani yameungua kingo.

Ukiona hivi

Kingo za majani machanga ya ndani zikiwa nyeusi, wengi hukimbilia kuongeza kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu ipo, ila hewa imesimama na jani halitoi jasho la kuivuta. Panua nafasi, ondoa majani ya nje, punguza EC kidogo.

Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, ni chuma. Pima pH kabla ya kununua chochote, kwani ikizidi 7 chuma hakinyonyeki hata kikiwepo. Manjano hayohayo kwenye majani ya zamani ni magnesiamu, na jani zima la zamani likipauka ni naitrojeni.

Mizizi ya kahawia, yenye utelezi na harufu, imeoza. Chanzo ni maji ya moto au hewa chache. Toa miche hiyo, mwaga maji yote, osha. Usijaribu kuiokoa, inaambukiza bomba zima.

Utelezi wa kijani maana yake mwanga unaingia. Funika kila tundu tupu, na mfuniko wa pipa ubane vizuri; mbu nao hawatazalia humo.

Vidukari: mililita 5 hadi 10 za sabuni laini kwa lita ya maji, jioni, chini ya majani, kisha suuza asubuhi. Saladi ikirefuka ghafla na kuwa chungu, joto limezidi. Vuna mapema na tandaza neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50.

Samadi na chai ya mbolea haviingii kwenye mfumo huu. Huziba pampu, na majani haya huliwa mabichi.

Usafi kati ya mazao

Bomba likivunwa, toa mizizi yote kwa mkono kabla ya kuweka vikombe vipya, na uchomoe kipande cha milimita 50 ukisugue. Mara moja kila miezi mitatu simamisha mfumo: jaza maji yenye mililita 10 za dawa ya klorini ya nyumbani kwa kila lita, zungusha dakika 30, mwaga, kisha suuza mara mbili. Hakikisha hakuna asidi ya pH iliyobaki pipani au kwenye ndoo, kwa sababu ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Vikombe viloweke kwenye maji hayohayo, na sponji za zamani zitupwe.